Fiwi za Mama Mkwe

Jumanne, 3 Rajabu

Fiwi, maharagwe haya ya kutambaa, bado hai. Zile nilizozifyeka wiki iliyopita zimechipua tena, nene kuliko mwanzo. Mwaka mzima zimefunika shamba la bondeni ili udongo upumzike. Sasa mvua inakaribia, mtama unataka nafasi, na jembe sina. Majembe yote ya kijiji chetu cha Busi ameyachukua akida anayetutawala, yakachimbe barabara ya serikali.

Shamba ni la mama mkwe. Amesema mvua ikinyesha kabla sijaliweka tayari, analichukua. Nadhani na binti yake pia.

Ijumaa, 6 Rajabu

Nimeingiza mbuzi wa jirani. Wamekula majani, wameacha mashina, kisha wakavuka kwenda kumaliza mihogo ya mama mkwe. Aibu. Mke wangu Zaituni amecheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 8 Rajabu

Nimegundua jambo. Pale wanawake wanapokatiza na mitungi, fiwi zilizotoa maua zimekufa. Hazikukatwa, zimekanyagwa tu zikavunjika shingo, basi. Kinachotakiwa ni miguu. Miguu mingi.

Zaituni akasema, "Si upige ngoma, watu waje wacheze shambani?"

Nimeoa mwanamke mwenye akili. Inaniudhi kidogo.

Alhamisi, 12 Rajabu

Ngoma ilianza asubuhi. Watu wengi, togwa tele. Mama mkwe mstari wa mbele, akikanyaga kana kwamba kila shina ni mimi.

Saa nne wakatokea askari watatu na ombasha, mkubwa wao. Wamesikia ngoma isiyo na kibali, wakadhani ni uasi. Kiboko chao nakijua.

"Mnafanya nini hapa?"

"Tunaua fiwi, bwana ombasha."

Hakuamini. Akainama, akashika shina lililovunjika, akalitazama sana. Kisha akatangaza kwamba kazi hii haina utaratibu hata kidogo. Akatupanga safu nne. Kushoto, kulia, geuka! Viatu vya askari vilivunja mashina kutushinda sote. Mama mkwe alikataa kugeuka. Ombasha akamwacha.

Adhuhuri hapakuwa na fiwi iliyosimama.

Jumatano, 25 Rajabu

Zimekauka zote. Hakuna hata chipukizi. Mama mkwe amepita, ametazama. Ameniachia kikapu cha mbegu za mtama.

Jumamosi, 5 Shaabani

Mvua ya kwanza, alfajiri. Tumepanda mimi na Zaituni, tukitoboa kwa kijiti katikati ya majani makavu. Chini yake udongo mweusi, laini, wa baridi. Mchana tulikaa juu ya majani tukala viazi. Mawingu yakarudi tena kutoka milimani.