Gari ya Baba na Mipira Mipya ya Injini

Mkunazini,
Unguja.
8 Oktoba, 1956

Mpendwa dada Kidawa,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Abdulla, na kifua cha mwanao Hija kiwe kimepoa. Je, anakula sasa? Sisi huku hatujambo, ila mimi situlii. Hii ni karatasi ya tatu tangu asubuhi, mbili nimezichana.

Ile mipira ya kubebea injini aliyotununulia shemeji huko Mombasa ilifika Alkhamisi. Mpe ahsante zangu nyingi. Chimanlal wa Darajani hakuwa nayo dukani, na asingeipata kabla ya mwezi kwisha.

Unajua gari ilivyokuwa. Baba akiiwasha hutikisika mpaka vioo vinalia. Mwezi uliopita, akitoka Jambiani na abiria, aliikosa gari ya ng'ombe kwa shubiri moja tu. Matar, yule muuza pweza, aliteremka palepale akaenda zake kwa miguu. Baba alisema injini ndiyo iliyomponyoka, ikamvuta usukani mkononi. Mimi fundi mzima nikasadiki, maana kweli injini ilikuwa ikicheza.

Ijumaa baada ya sala nikafungua boneti. Nilimwomba baba akanyage breki, atie gia, aiachie klachi kidogo kidogo. Injini ikainuka upande mmoja kama mtu anayetaka kuondoka kitini. Mpira wa kushoto ulikuwa umepasuka katikati. Wa kulia umelowa oili hata umelainika kama halua. Nikaibeba injini kwa jeki na kipande cha ubao, nikahangaika na boliti zilizoshika kutu, nikatoa mikuukuu nikatia mipya. Baba hakukaa. Alizunguka gari muda wote, akiniuliza kama bado.

Tulipoiwasha, ikatulia, hata ikabidi nitege sikio nijue kama inawaka. Nilifurahi dada, furaha ya kijinga.

Tukashika njia ya Jambiani, yeye kwenye usukani. Tulipofika Mwanakwerekwe akaiweka gari pembeni, akazima. Nikadhani kasikia mlio. Kumbe alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia. Injini imezimwa, gari imesimama kimya, na ule mkono unatetemeka juu ya usukani. Akaukamata kwa mkono wa kushoto, ukazidi.

Nilimwambia labda ni uchovu.

"Nilijua tangu Ramadhani, Simai," akasema. "Nilikuwa nikimwomba Mungu iwe ni gari."

Akashuka, akazunguka kwa mbele, akafungua mlango wa upande wangu. "Haya, sogea huko."

Nililala Jambiani kwa wasiwasi kwamba asubuhi atabadilisha nia. Mama naye alikuwa na wasiwasi huohuo. Alizificha funguo ndani ya mtungi wa mchele. Lakini abiria walipokusanyika, baba alisimama mbele yao, mikono kaifumbata nyuma, akawaambia mwenyewe: "Kuanzia leo anakuendesheni mwanangu. Mkono wangu haunitii tena, na sitaki nije nikakuueni."

Matar alikuwa keshakaa kiti cha mbele. Akashuka na kikapu chake, akenda nyuma, akamwachia baba nafasi.

Leo nimempeleka hospitali. Daktari kamtazama mkono na mwendo wake, hakusema ni ugonjwa gani, kamtaka arudi Jumatano. Gereji wamenipa ruhusa ya wiki mbili. Zikisha sijui niache kazi nishike gari, au tuiuze. Nikimuuliza baba, huanza kunieleza habari za matairi.

Mwandikie, dada, maana wewe anakusikiliza. Ila usimpe pole, hataki.

Kila safari anakaa kando yangu. Tukikaribia kona mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu, pale pasipo na breki. Nami hukanyaga yangu pamoja naye, hata kama hapana haja.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Wanu, na jirani yetu Bi Mwanamkasi. Nibusie Hija. Mola akulindeni huko ugenini, atukutanishe tukiwa na afya.

Nduguyo akupendaye,

Simai Pandu