Nondo Zimefika

Jumatatu, 3 Novemba
Nondo kumi na moja asubuhi, kwenye mtego wa shamba la mahindi. Bwana shamba anataka nizitenganishe. Ile ngeni, ya viwavijeshi vamizi, ina baka jeupe kwenye ncha ya bawa. Ya zamani haina. Tatu zimechubuka mabawa, sioni kitu. Marehemu mke wangu Adelina ndiye aliyekuwa na macho. Nimekula peke yangu. Ndizi nne, zimebaki mbili.

Jumatano, 5 Novemba
Jirani kapita na ndoo ya senene wa kukaanga. "Waitu, hizo zako zinalika?" Nikacheka. Nimerudi ndani nimekasirika bila sababu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwandikia bwana shamba: Nondo zimefika, nyingi. Nikamtumia na Jovina, binti yangu, mwalimu wa Kiswahili huko Bukoba mjini. Sina habari nyingine ya kumpa. Tangu tumzike mama yake hajakanyaga hapa Ijumbi. Aliapa hatakuja mpaka nijengee kaburi. Sijajenga. Nikimwaga zege, basi, Adelina hatoki tena. Upuuzi, najua.

Jioni kajibu. Miezi minane kimya, leo kajibu. "Asante, Tata. Za milimita ngapi?" Nikachukua rula, nikapima bawa. Nikamjibu: kumi na sita.

Ijumaa, 7 Novemba
"Hizo nene mno kwa kaburi. Lakini asante. Nakuja kesho."

Nimesoma mara sita ndipo nikaelewa. Kadhani nondo za chuma. Ilinipasa kumwambia. Sikumwambia. Nimefagia uwanja, nimekata mkungu mzima. Naogopa.

Jumapili, 9 Novemba
Alifika jana saa sita. Akapita moja kwa moja kibanjani, kwenye migomba, hadi kaburini. Udongo mtupu. Akarudi kuniuliza nondo ziko wapi. Nikampa kopo la mtegoni.

Akalifungua. "Mdudu ni 'wamefika', Tata. 'Zimefika' ni chuma." Alikuwa analia. Nikamweleza kwa nini sijajenga, yote, hata lile la Adelina kutotoka. Alivuta kigoda, akawatandaza nondo juu ya gazeti. Mwenye baka huku, asiye na baka kule. Hata wale watatu waliochubuka aliwajua. Macho ya mama yake.

Tulikula ndizi, hazikubaki.

Leo baada ya misa tumepima kaburi. Jovina alishika kamba upande wa kichwani. Nondo tutazichukua dukani Nshamba, za milimita kumi.