Kalibu Isiyobanduliwa

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila nywele zinanuka gundi hata nizioshe vipi. Mwambie Mama ninakula vizuri, asimsikilize dada.

Mama ameniambia kwamba tangu kazi za kufunga mbao za zege zipungue, umeitia randa kwenye gunia na unashinda ukigombana na redio. Jambo hilo limeniuma. Najua pia huipendi karakana yetu ya kalibu za kumwagia zege la nguzo. Ulisema tunatengeneza ndoo kubwa. Basi ndoo zetu husimamishwa jengoni, nondo zikaingia ndani, zege likamwagwa, na hazibanduliwi tena. Kalibu inabaki kuwa ngozi ya nguzo.

Sasa cheka. Nilipopewa kalibu yangu ya kwanza niiandae, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la mafuta. Nikaipaka ndani kote ikang'aa, kama ulivyonifundisha, zege lisishike. Fundi mkuu, mama mwenye sauti ya king'ora, alipiga kelele mpaka watu wakaacha kazi. Kumbe yetu hukwaruzwa ndani ili zege liing'ang'anie! Nilisugua mafuta yale mpaka mabega yakauma. Akaniuliza nimelelewa na nani. Nikamjibu, na fundi mbao. Akauliza kama bado unashika randa.

Maana kila kalibu, Baba, huanza na umbo la mbao. Juu yake ndipo tunalaza vitambaa vya nyuzi za kioo na gundi, tabaka juu ya tabaka, na randa ikiteleza popote, kosa linaonekana. Tumepata kazi ya nguzo za ukumbi wa shule, za mviringo, zinazochanua kule juu. Hapa hakuna anayeweza kulichonga umbo lake.

Nimezunguka sana, acha niseme. Nimeshakusemea. Nimemwahidi fundi mkuu kwamba Jumatatu utakuja. Nimekosa adabu, na maji yakimwagika hayazoleki. Ukikataa nitaaibika, na aibu hiyo nitaibeba. Ila kila mara ulikuwa ukirudi nyumbani ukisema kazi yako imebanduliwa kwenye zege na kufanywa kuni, nami nilikuwa nakuonea huruma nisijue la kusema. Sasa ninalo. Umbo utakalolichonga litabaki kwenye nguzo zile, na Mama atakwenda kuzigusa.

Msalimie yeye, dada, na jirani mwenye maneno. Njoo na randa. Kopo la mafuta liache huko. Limeniaibisha vya kutosha.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako