Wimbo wa Kutolea Jeneza Ulivyouza Bati

Ruangwa,
Jumanne, juma la pili la Majilio

Dada yangu mpendwa Skolastika,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, dada. Naomba uipokee salamu hii hata kama bado hutaki kuijibu. Magoti yanaendeleaje, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa kuokota korosho? Mvua zimeanza huko Mnero, au nanyi mnatazama mawingu tu kama sisi?

Mimi ni mzima. Katika barua zangu zote zilizotangulia niliandika maneno hayo bila kuyafikiria. Leo nayaandika kwa haya, kwa kuwa najua ulikwisha kunililia.

Niwie radhi kwa kutumia kalamu badala ya simu. Tangu Alhamisi nimepiga mara nne, na mara zote nne mjukuu wako amenijibu, "Bibi amelala." Saa nne asubuhi, dada! Nakujua tangu tunachunga mbuzi wa baba. Saa nne asubuhi hujawahi kulala hata ulipokuwa na homa. Nimeelewa. Basi nakuomba barua hii uisome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe mtoto akusomee, kwa maana ndani yake mna jambo ninalopaswa kuungama kwako, na ukiisha kulijua ndipo uamue kama utasema nami tena.

Unafahamu kwamba tangu binti yangu Agatha aliponichukua kuishi naye hapa, baada ya kumzika mke wangu Yustina, sikuweza kukaa barazani nikihesabu pikipiki. Ndipo redio ya hapa mjini waliponiomba niwasaidie katika dawati la matangazo. Watu huja na habari zao zimeandikwa kwenye vipande vya madaftari, au hawakuziandika kabisa, nami huziandika upya kwa mwandiko unaosomeka: mbuzi aliyepotea, mkutano wa chama cha msingi, na zaidi ya yote vifo. Ni kazi ndogo, nami niliipenda. Mtu aliyefiwa anastahili jina la marehemu wake litamkwe sawasawa.

Sasa, mwezi wa Novemba ulipoanza, kabla hata hatujamaliza kuwaombea marehemu, redio ikaanza kupiga nyimbo za Noeli. Asubuhi kengele, mchana kengele, jioni kengele. Nilidhani ni kosa. Nikaenda kwa meneja, kijana mwenye adabu zake aliyetoka Dar es Salaam, nikamwomba radhi kwa kumwingilia, nikamweleza kwamba sisi tuliolelewa misheni nyimbo hizo tulizifungia kabatini hadi usiku wa mkesha, na katika Majilio tuliimba za kungojea.

Akacheka kwa upole. "Mwalimu, huu ndio msimu wa korosho. Watu wana hela mkononi. Nyimbo za Krismasi zinafungua pochi. Mwenye duka akisikia kengele anajua na mteja kasikia, anakuja mwenyewe kutoa tangazo."

"Na Waislamu, ambao ndio wengi katika wilaya hii?"

"Nao wanaezeka nyumba, Mwalimu."

Nikamshukuru, nikarudi kwenye kiti changu. Lakini siku zile zile akaja dawatini Bwana Hamisi, mkulima wa Nambambo aliyehamia huku kwa ajili ya ufuta, akileta tangazo la arobaini ya mama yake. Nilipomaliza kuandika akabaki amesimama.

"Mwalimu, sikuja kugomba," akasema. "Noeli yenu haitukeri. Tumekua na nyie, wali wenu tunakula, na nyie Idi mnakuja kwetu. Lakini bei ya mnada wa korosho mmeipeleka wapi? Nakaa na redio tangu saa moja, nasikia kengele tu, kama niko machungani!"

"Wameipunguza, Bwana Hamisi. Nisamehe."

"Usiombe msamaha wewe. Waambie sisi tumehama. Jirani zangu wote wamehama. Tunasikiliza wanaotaja bei."

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama redio hufaidika kwa kupiga nyimbo za Noeli, nitamjibu kwa haki: wenye maduka waliongezeka, na wasikilizaji wakaondoka kimya kimya. Meneja aliwaona wale walioingia mlangoni. Waliozima redio hakuwaona, kwa kuwa mtu anayezima redio hapigi simu kuaga.

Hapo ndipo ningepaswa kukaa mbali. Badala yake nikafanya upumbavu. Nilijiambia kwamba kama ni lazima zipigwe, basi zipigwe za kwetu, si zile za kengele zisizojulikana zimetoka wapi. Nikaitoa ile kaseti. Ndiyo, dada, ile moja tuliyorekodi parokiani wakati kwaya ilipokuwa na watu: upande mmoja Noeli, upande wa pili maziko. Sikukuuliza. Sikumwuliza yeyote kati ya mliobaki. Nikampa Shani, binti mtangazaji, nikamwambia atumie upande wa Noeli tu, ule wenye karatasi. Naye akaingiza pande zote mbili katika kompyuta, akasikiliza, akachagua wimbo uliomchangamsha.

Alichagua wimbo wa kutolea jeneza.

Simlaumu sana. Hajui Kimwera hata neno moja. Alisikia kayamba, akasikia sauti za akina mama zikipanda, na mwishoni vile vigelegele ambavyo Yustina aliviweka makusudi kwa kuwa alisema anayekwenda kwa Bwana hasindikizwi kama mwizi. Mgeni angejuaje? "Mzee wangu, hii ngoma kali!" aliniambia. "Krismasi ya kijijini kabisa, yaani unaona watu wanacheza!" Ukaanza kupigwa saa saba mchana, kila siku, muda mfupi kabla ya matangazo ya vifo.

Kilichotokea Alhamisi unakijua kuliko mimi, nami nakieleza tu ili ujue nilivyokipata kwa upande wangu. Siku hiyo nilikwenda nyumbani kula. Tulikuwa mezani, mimi na Agatha, simu yake ikaita. Alisikiliza, akanitazama, akasikiliza tena, akaweka tonge chini.

"Baba," akasema, "umekufa."

"Lini?"

"Mchana huu. Redio imetangaza. Shangazi yuko chini analia, akina mama wamekwisha jifunga kanga, na wametuma mtu kwa Padre."

Nikaambiwa baadaye jinsi mlivyousikia wimbo huo kwa redio ya jirani, wimbo ambao huko Mnero haujawahi kuimbwa bila maiti mlangoni, na mara ukafuata mdomo wa Shani ukisema, "Tunamkumbuka Mwalimu wetu mpendwa Anselmi wa Mnero, aliyetuachia zawadi hii." Alitaka kunishukuru, maskini. Nani katika Mnero yote angesubiri kusikia zaidi? Mtu alipofikisha neno la pili, kwamba ni mzima, ninyi mlikuwa njiani na unga na kuni. Na juu ya sauti ya Yustina, kabla wimbo haujafika penye vigelegele, mwanamume akapiga kelele: "Bati! Bati! Bati! Sikukuu na nyumba mpya!"

Ulipopewa simu aliyoipiga Agatha na kunisikia, ulisema maneno machache tu.

"Anselmi, umo?"

"Nimo, dada."

"Basi kwa nini wimbo wa kutolea jeneza unauza bati?"

Ukakata. Tangu hapo umelala.

Kesho yake nilikwenda redioni mapema, nimekunja maneno yangu vizuri mfukoni. Meneja alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Nilidhani ataniomba radhi. "Mwalimu! Simu hazikukatika jana! Mnero, Nambambo, Nachingwea mjini, watu wote wanauliza kama uko hai. Hatujawahi kupata simu hivyo. Mwenye bati ameuliza kama anaweza kuuchukua huo wimbo hadi Mwaka Mpya. Tutauita Wimbo Uliomfufua Mwalimu. Na wewe utakuja studio kuwasalimia!"

Dada, mimi ni mtu wa miaka mingi, nimefundisha, nimezika, nimeona mengi ya kuchukiza na kuyapitia kwa subira. Lakini jambo hili lilinichukiza kupita yote. Huyu kijana si mwovu. Hilo ndilo lililonichafua moyo zaidi. Alikuwa na furaha safi. Kwake yeye kilio chako kilikuwa simu moja, cha jirani simu ya pili, na kwa kuwa simu zilikuwa nyingi basi ni mafanikio. Niliyatazama meno yake nikaona kwamba hakuna neno katika Kiswahili, wala katika Kilatini nilichopigiwa viboko ili nikijifunze, litakalomfanya aelewe kwamba wanawake wazee walianguka chini kwa ajili ya jambo ambalo halikuwapo.

"Nasikitika, Bwana Meneja," nikasema. "Wimbo huo haupigwi tena."

"Lakini Mwalimu, ulitupa mwenyewe."

Na hilo, dada, ni kweli. Sasa sikiliza ninalokuungamia.

Wimbo haukuanza Alhamisi. Ulipigwa Jumatatu kwa mara ya kwanza, nami nilikuwa dawatini. Niliutambua kabla ya kayamba, kabla ya neno lolote, kwa namna Yustina alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kuanzisha. Mlango wa studio uko hatua sita kutoka kiti changu. Ningesimama, ningesema, "Binti, samahani, huo ni wa maziko," na mambo yangekwisha. Mimi ndiye ninayeandika matangazo ya vifo. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kuliko mimi wimbo huo ukisikika Mnero saa saba watu watafanya nini.

Sikusimama. Nilikaa nikasikiliza hadi mwisho. Jumanne nikakaa tena. Jumatano niliacha kwenda kula ili nisiukose. Kwangu hapa hakuna mashine ya kaseti tangu ya Agatha ilipoharibika, na sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu tulipomtoa mwenyewe mlangoni. Nilijiambia kesho nitasema. Hata tangazo la bati lilipowekwa juu yake, neno langu la kwanza moyoni lilikuwa hasira kwamba wamemkatiza, si hofu kwa ajili yenu. Ninamchukia meneja kwa kuuza wimbo ule kwa bati, lakini mimi niliwauzia siku tatu za kwanza kwa kimya changu. Ningependa kukuficha hili. Ulipoanguka chini kunililia, uliangushwa na mimi.

Nilichoweza kufanya nimekifanya. Nilimwambia meneja kwamba nilitoa kisicho changu, kwa hiyo utoaji wangu haukuwa na nguvu. Wimbo ni wa kwaya, na kwaya ni ninyi mliobaki. Alinung'unika, akataja mwenye bati, akasema nafikiri kizamani. Nikamwomba radhi kwa uzamani wangu nikabaki nimesimama pale pale hadi akasema, "Haya, futeni." Shani ndiye aliyefuta. Alikuwa na machozi. Kabla ya kubonyeza akageuka akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, nikupigie mara ya mwisho? Wewe peke yako, hapa kwenye vipaza sauti vya masikioni?"

Dada, nilikwisha kunyoosha mkono.

Nikasema, "Futa, mwanangu." Akafuta.

Kaseti yenyewe anakuletea katekista pamoja na barua hii, nimeifunga katika kitambaa. Sikubakiza nakala. Iweke, au ivunje, au ipeleke kanisani. Sitauliza umefanya nini. Dawati sijaliacha, kwa sababu watu wanaendelea kufa na majina yao yanaendelea kuandikwa vibaya, ila nimeomba matangazo ya vifo yatanguliwe na ukimya tu, na hilo meneja amenikubalia kwa kuwa ukimya hauna gharama. Kengele zinaendelea. Bei za mnada bado hazijarudi, wala Bwana Hamisi.

Nisalimie Padre Paroko, umwambie nitaungama kwake pia nikijaliwa kufika. Nisalimie mjukuu wako anayekulinda usingizini, mtoto mtiifu. Mpe pole yule mjane wa mjomba aliyebeba kuni kutoka bondeni kwa mgongo ule, na umwambie azitumie kuni zake bila aibu. Shemeji yetu, nimesikia, alikwisha kufyeka majani mahali nilipoachiwa kando ya kaburi la Yustina. Mshukuru sana, umwombe paendelee kuwa safi.

Na siku yangu ya kufa ikifika kwa kweli, mwenye kuamua kama wimbo ule utaimbwa ni wewe, na kama umenitangulia basi wale utakaowaachia neno. Watu wa Mnero walikwisha kunililia mara moja, kwa unga wao na kuni zao, nami nilikuwa mezani nakula. Sina haki ya kuwadai tena. Mkiona vema kunitoa mlangoni kimya kimya, nitoeni kimya kimya.

Ni mimi mdogo wako, niliye hai na mwenye kosa,

Anselmi