Mteremko Unaorudisha Umeme

Bogotá, 9 Agosti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Huku sote hatujambo, ila baridi ya asubuhi ni ya kung'ata. Baba naye anaendeleaje?

Mama, nimekabidhiwa basi la umeme. Usicheke! Nalishusha kutoka vitongoji vya mlimani likiwa limeshona watu themanini, na kadiri linavyoteremka ndivyo chaji inavyopanda. Juzi nilianza mteremko na asilimia arobaini na moja, nikafika chini na arobaini na nne. Niliikodolea macho namba ile mpaka abiria wakanizomea. Uzito uleule tuliokuwa tukiuogopa tukishuka na lori mlima wa La Línea, humu unageuka umeme wa kupandia tena.

Siku ya kwanza niliumbuka. Kwa mazoea yetu ya malori, nilipovuka kilele tu nikatoa gia ili basi lijiendee lenyewe, eti nabana matumizi. Mwalimu wangu, dada Yaneth, akanichapa kofi mkononi: "We kaka, unamwaga umeme njiani! Nani kakufundisha ujinga huu?" Akanieleza kwamba gia ikiwa ndani, magurudumu ndiyo yanayozungusha mota, nayo inalizuia basi huku ikilichaji. Hata lori la dizeli, akasema, likiteremka na gia ndani halinywi mafuta. Ukiitoa ndipo linakunywa, na breki zinaachiwa mzigo wote mpaka ziungue.

Kumbe miaka yote ile hatukuokoa hata tone.

Sasa nisikilize, Mama. Siku lori letu lilipopinduka na vitunguu, miaka kumi na moja iliyopita, Baba hakusinzia kama alivyowaambia polisi. Hakuwa hata kwenye usukani. Nilikuwa naendesha mimi, bila leseni. Alinisihi nirudishe gia, nikamjibu kwamba nabana mafuta. Kabla polisi hawajafika alijikokota mpaka kwenye kiti changu, mguu umevunjika, akaniambia nifunge mdomo. Tangu hapo unamwita mharibifu mbele za watu, na hata funguo za pikipiki unamficha. Nimeyaona yote hayo, nikanyamaza. Naona aibu isiyo na mfano.

Desemba nitakuja mniseme mtakavyo. Nisalimie shangazi na majirani wote. Barua hii msomee Baba kwa sauti, na akikana, usimwamini.

Mwanao,
Wilmar