Kipa Amefungiwa Nje

Shoga, tegua hiki haraka: nina jumba la vyumba tele, ufunguo wangu unafungua vyote isipokuwa kile walichomo wajukuu zangu. Ni nini?

Simu yangu! Programu ya michezo, ile tunayochezea mpira na wajukuu, imenikataa, eti mfumo wa simu hii hawautambui. Kesho ni fainali, kipa ni mimi, na mjukuu wangu amesema, "Bibi, usipoingia tunamweka shangazi." Shangazi! Anayeogopa hata mpira wa kwenye kioo!

Basi nimewafuata wenye programu ofisini kwao, mimi na wenzangu wa cherehani, maana sote tuna simu hizi. Bwana wa mapokezi, mtu mzima na ndevu zake, akasema wenye simu za aina hii hawachezi michezo.

Hatuchezi? HATUCHEZI? Nikamuuliza, "Na wewe mwanangu, unatumia simu gani?" Akajifanya anatafuta kalamu.

Shoga, tukacheza palepale, kwa mdomo! Mwenzangu Mama Mapacha akapiga shuti, "Puu!" Nikarukia kochi la wageni. Nikadaka! Nakwambia nimedaka! Mlinzi akaomba awe refa.

Bwana yule akaja mbio: "Bibi, shuka, utavunjika!"

"Sishuki. Unatumia simu gani?"

Akatazama mlango wa bosi. Akaitoa mfukoni polepole. Kama yangu, shoga, hadi rangi!

"Hii hii, bibi. Nawaomba waikubali tangu niajiriwe, wananicheka tu. Twende kwa bosi, ukadake tena mbele yake."