Usikubali Wembe Kwenye Goti Lako, Kaka

S.L.P. 41,
Misigiri, Iramba,
Singida.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Emilian,

Shikamoo. Habari za Tunduma na baridi yenu ya mwezi huu? Wifi Severina na watoto hawajambo? Huku tu wazima. Alizeti imekubali mwaka huu. Mashine yangu inakamua gunia kumi na nane kwa siku, nami nashinda nimesimama kando yake. Nimesema nimesimama, kaka. Rudia kusoma hapo.

Nimesikia tarehe 8 Julai unabadilishwa goti. Nimefurahi sana, na nimekasirika pia. Ya hasira niyamalize kwanza, nisije nikaandika barua nzima nimekunja uso. Mwaka juzi uliongoza kikao cha ukoo kwa simu, watu kumi na mmoja, mkakubaliana nisipasuliwe. Ukasema goti la chuma ni la matajiri na kwamba nitarudi na mguu mmoja. Siku zote nilizolazwa hukupiga simu. Leo zamu ni yako, na anayekuandikia ni yule yule wa mguu mmoja.

Sasa jambo lenyewe. Binti yangu Rahel ameniambia kwamba shangazi Dorika anakuja kwako wiki ijayo na mkoba wake, akuchanje chale kwenye goti kabla hujaenda hospitali. Usikubali.

Mimi nilikubali. Chale siziamini, ila nilitaka ukoo usininunie. Shangazi alisema haniombei safari njema bila kunichanja, basi nikaketi kwenye kigoda chake, akanikata mara tisa kuzunguka goti na kupaka ile dawa yake nyeusi. Nikaenda Dodoma kimya. Siku moja kabla ya upasuaji nesi akaja kuukagua mguu.

"Mama, hivi ni vitu gani?"

"Mbu."

"Mbu wa Iramba wanang'ata kwa mstari?"

Chale moja ilikuwa na usaha. Daktari aliahirisha palepale, wiki saba. Akanieleza vizuri: wadudu wa kwenye kidonda kidogo cha ngozi wanaweza kuingia ndani, na wakishajishika kwenye chuma, dawa haiwafikii kirahisi. Goti jipya linaweza kutolewa lote. Hilo humpata kama mtu mmoja kati ya mia, nami nilikuwa nimejipanga mstari niwe huyo mmoja. Niliporudi nyumbani mkaanza kusema hata daktari kaliogopa goti lile. Hilo bado linaniuma kuliko kisu.

Na lile jino lako bovu ling'olewe sasa, maana wadudu wa mdomoni nao husafiri kwa damu. Dawa zako za presha zibebe zote, pamoja na ile mizizi unayochemsha. Mwonyeshe daktari, usichague ya kumwonyesha.

Ukitoka chumba cha upasuaji utaumwa, nisikudanganye. Wiki mbili za kwanza nilijuta kuzaliwa. Siku inayofuata upasuaji watakusimamisha. Usigome. Chezesha nyayo kila mara ili damu isigande, na mazoezi ya kukunja ufanye hata ukilia. Siku ya tatu nilikunja digrii 50, wiki ya sita 95, leo ni 115. Kuchuchumaa sahau, kwa hiyo jenga choo cha kukaa kabla hujaondoka. Magoti mengi ya namna hii hudumu miaka kumi na tano hadi ishirini. Una sitini na sita, piga hesabu mwenyewe.

Lakini yale maumivu ya mfupa kusaga mfupa, yaliyoninyima usingizi miaka sita, yamekwisha. Pasaka nilikwenda kanisani na kurudi kwa miguu, hatua 3,460. Nilizihesabu. Mama Sara wa jirani alinifuata nyuma na kiti, akarudi nacho kitupu, analalamika mgongo.

Shangazi naye alikuja kukagua. Akalibonyeza goti kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi.

"Mbona haliumi?"

"Si limebadilishwa, shangazi."

Akalibonyeza tena, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama wanabadilisha na nyonga. Hata hivyo wembe wake hajauacha. Akifika, mpe chai na kiti kirefu, mwambie akuombee kwa mdomo. Akinuna, aninunie mimi, nimeshazoea.

Kama barua hii imechelewa na ameshakuchanja, piga simu hospitali siku hiyohiyo ukaseme. Usifiche kama mimi. Heri upoteze tarehe kuliko mguu.

Nimeshakata tiketi. Tarehe 6 nitakuwa hapo, na mashine nitamwachia Rahel kwa wiki tatu. Nitakupimia digrii zako kila asubuhi na kuziandika. Kikao hakikunituma.

Msalimie wifi Severina, na Nathan, na mama mkwe wako. Wanangu Paskali na Rahel wanakuamkia.

Mungu aiongoze mikono ya daktari tarehe 8, na tarehe 9 akusimamishe mbele ya macho yangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokuudhi,

Damari